Sauti ya Mjomba Ndani ya Analaiza

Karakana yangu iko Bagamoyo, kwenye barabara iendayo Kaole, na stashahada yangu ya elektroniki nimeitundika mahali ambapo mteja hawezi kuingia asiione. Sioni haya kusema hivyo. Hakuna serikali wala mfadhili aliyenisomesha. Nilikwenda Uarabuni kuvuta nyaya kwenye dari za majengo ya watu, jioni nikaingia darasani na vumbi la saruji kwenye nyusi, na hesabu iliponishinda mara ya kwanza niliirudia mpaka nikawapita waliozaliwa kule. Baadaye niliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha pampu, nikakaa huko mpaka nilipoamua mwenyewe kurudi. Wengi hurudishwa. Mimi nilirudi.

Katika vitu nilivyorudi navyo, kimoja kiliwashangaza watu bandarini: analaiza ya mawimbi, chombo cha zamani, kizito kama ndoo mbili za maji, chenye kioo kidogo kuliko sahani. Kule maabara walikuwa wanakitupa. Nilikinunua kama chuma chakavu, nikakifungua, nikabadilisha vipande vilivyokufa, kikaamka. Chombo hiki kina mdomo na masikio. Kwenye tundu moja kinatoa wimbi la umeme, kwenye tundu jingine kinasikiliza kilichorudi, kisha kwenye kioo kinachora kila sauti iliyomo ndani ya ile sauti, moja moja, kama miti iliyosimama kwenye mstari. Pampu ikiwa na beringi mbovu, miti huota pasipostahili. Nimekipeleka kwenye mashamba ya miwa kule Makurunge na kwenye mashine za kusaga mpaka Ubena, na sikumbuki siku kiliponidanganya.

Pamoja na hayo yote, mtaani naitwa fundi redio. Aliyeanza kuniita hivyo ni mjomba wangu, kaka wa mama, muadhini wa msikiti wetu. Alikuwa akipita karakana kila asubuhi akitoka kununua sigara, isipokuwa Ramadhani, ambapo alipita bila sigara na ulimi ukiwa mkali zaidi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hiyo televisheni yako leo inaonyesha mpira?"

"Haionyeshi mpira, mjomba. Inaonyesha mawimbi."

"Mawimbi yako pale nyuma ya msikiti, bure kabisa. Wewe umeyafuata Uarabuni."

Watu waliokaa kwenye benchi langu walicheka. Nami nilicheka. Mjomba na mpwa hawawekeani kinyongo kwa maneno kama hayo.

Lazima nieleze tabia moja ya mjomba, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki. Kabla ya kuadhini alikuwa akigonga maikrofoni kwa ukucha wa kidole cha shahada. Tak, tak, tak. Alianza zamani, wakati amplifaya ya msikiti ilikuwa na kawaida ya kulala, naye hakutaka kuanza adhana ambayo haitoki nje. Amplifaya ilibadilishwa, ukucha ukabaki. Mtaa mzima uliuzoea. Wanaume waliokuwa kwenye baraza waliposikia ukucha walikunja karata. Na Ramadhani jambo hili lilikwenda mbali zaidi: mkono ulishika tende mapema, na ukucha ukigonga, tende inaingia mdomoni. Adhana yenyewe ilimkuta mtu anatafuna. Hakuna aliyekaa akaamua iwe hivyo, na hakuna aliyeona ubaya, maana ukucha na adhana havikuwahi kuachana. Kwa kweli mtaa wetu ulikuwa unafuturu kwa ukucha wa mjomba.

Mwaka huo, tangu Shaabani, watu walianza kulalamika kwamba sauti yake imekwisha. Pale anapoipandisha juu na kuitikisa, ilikuwa inapasuka, inatoa mkwaruzo kama debe linaloburutwa. Nami niliisikia. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mwalimu mstaafu aliyepanga maneno yake kama bado yuko mbele ya ubao, alimleta kijana mmoja aliyesoma madrasa Dar es Salaam. Kijana aliadhini adhuhuri mbili tatu kwa maikrofoni ile ile na spika zile zile. Sauti ikatoka safi kama maji ya kisima kipya. Hoja ya mwenyekiti ilikuwa nzito, siwezi kuibeza: kama chombo ni kimoja na kijana anatoka safi, basi kilichoharibika ni koo la mzee. Kamati ilitaka jambo liishe kabla ya kuingia kumi la mwisho.

Mjomba alikuja karakana siku hiyo asinitanie. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akaiangalia stashahada muda mrefu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Hicho chombo chako," alisema, "kinaweza kujua kama mtu amezeeka?"

"Kinaweza kujua kama sauti imeharibika, na imeharibikia wapi."

"Basi nipime. Kama ni koo, niambie wewe, nisiambiwe na yule mwalimu mbele za watu." Kisha akasema, "Mke wangu kafa. Minazi ina watu wanaoiangalia. Wakininyang'anya hii, alfajiri nitaamka kufanya nini?"

Hapo ndipo nilipoichukua kazi hiyo. Sikuichukua kwa machozi. Niliichukua kama nilivyochukua pampu za watu: kuna kifaa kinachotoa sauti mbaya, kuna sehemu kadhaa zilizofuatana, na mojawapo ina hatia.

Nilianza na koo. Nilimwomba aadhini mle karakana mbele ya maikrofoni ya kupimia. Alikataa moja kwa moja.

"Maneno yale hayasemwi kujaribia mashine, wala kabla ya wakati wake. Nitakupa mwendo wake tu."

Akafunga macho akatoa mwendo wa adhana bila maneno, aaa tupu, unapanda, unatikisika, unashuka. Mle ndani, bila spika, haikupasuka mahali popote. Kwenye kioo miti ilisimama mirefu, imenyooka, na chini yake hapakuwa na magugu, ile miti midogo isiyostahili kuwepo. Siku ya pili nilikwenda msikitini nikiwa na analaiza, nikaziamrisha spika zitoe mawimbi ambayo chombo kimezaliwa nayo: sauti moja inayopanda polepole kutoka chini hadi juu, kisha mvumo kama wa mvua. Spika nazo zilitoka safi. Koo zima, spika nzima, na adhana inapasuka. Nikamwonyesha mwenyekiti michoro niliyochapisha.

Aliigeuza juu chini. "Hii milima ndiyo nini?"

"Hiyo ni sauti ya mjomba, mwenyekiti. Hii hapa haina hitilafu."

"Ndani ya karakana yako, anaimba taratibu kama anayembembeleza mtoto. Akisukuma sauti msikitini inakatika, na kila mtu anasikia. Mwanangu, mimi masikio yangu yananitosha. Milima hii siisomi, na kamati haitaisoma."

Aliniita mwanangu kwa heshima, lakini yeye alifundisha darasa la saba, nami nina stashahada. Niliondoka na karatasi zangu.

Jibu lilikuja nilipokuwa nakula daku. Mawimbi ya kiwandani yaliyomo ndani ya analaiza ni mawimbi mapole. Yanapanda taratibu na nguvu zake ni zile zile. Sauti ya mjomba siyo hivyo: inasimama juu kwa nguvu na papo hapo inatikisika kwa upana, kitu ambacho kijana wa Dar hakifanyi, yeye huinyoosha tu. Kama kuna spika yenye kasoro inayoamshwa na mtikisiko ule, basi haiwezi kuamshwa na wimbi jingine lolote. Nilihitaji wimbi la mjomba. Lakini nikichukua rekodi yake na kuipiga kwenye spika, mwenyekiti atasema mkwaruzo umo ndani ya rekodi, umetoka kooni. Kwa hiyo ilibidi nitengeneze wimbi ambalo halikupita kooni mwa mtu. Ningepima mwendo wa mjomba, jinsi unavyopanda, unavyotikisika, nguvu zake kila hatua, kisha kompyuta ilitengeneze upya kwa hesabu tupu, safi, halafu nilipakie ndani ya analaiza. Likitoka limepasuka, koo halimo kwenye kesi.

Sijui fundi mwingine kati ya Dar es Salaam na Saadani ambaye angefikiri hivyo. Kama yupo, ajitokeze.

Kutengeneza wimbi ilikuwa hesabu, na hesabu nilishazoeana nayo. Shida ilikuwa kulipakia. Analaiza hii haijui mtandao wala vile vijiti vya kuhifadhia vinavyoning'inizwa shingoni. Inajua flopi, zile diski bapa za zamani. Na flopi zangu, kwa chumvi ya hewa ya hapa, zilikuwa zimeota ukungu. Nilikwenda mji mkongwe, kwenye duka la vifaa vya ofisi la Mhindi mmoja ambaye babu yake aliuza nguo pale pale. Yeye peke yake mjini ananiita injinia, na hiyo ni sababu mojawapo ya kununua kwake.

"Injinia! Karibu. Wino?"

"Flopi."

Aliweka miwani juu ya paji la uso. "Mtu katoka Uarabuni, ana cheti ukutani, anatafuta flopi? Bwana, mimi mwenyewe nimesahau umbo lake." Lakini aliingia ndani, nikasikia maboksi yakianguka, akatoka na pakiti ambayo karatasi yake ya nailoni haijafunguliwa. "Mke wangu kila Diwali anasema tupa. Kila Diwali nasema, iko siku mwendawazimu atakuja."

"Amekuja."

"Namwona."

Nilirudi nikaandika wimbi kwenye flopi. Analaiza ikalikataa. Jina la faili lilikuwa refu kuliko linavyoweza kusoma, nikalifupisha. Ikakubali kusoma, ikatoa sauti nyembamba kama ya mbu, kwa sababu kompyuta ilihesabu vipande vya wimbi kwa mwendo mmoja na analaiza inavisoma kwa mwendo mwingine. Nikahesabu upya. Mara ya tatu vilele vya wimbi vilikatwa, maana namba zangu zilikuwa kubwa kuliko nafasi waliyoiwekea waliokiunda chombo. Nikazipunguza zote kwa kipimo kimoja, ili umbo libaki lile lile. Ndipo analaiza ikalimeza wimbi, ikalichora kwenye kioo, na kutoka kwenye kispika changu cha mezani ikatoka sauti ya mjomba isiyo na mjomba. Mwendo ulikuwa wake, mtikisiko ulikuwa wake, pumzi haimo. Nilimwita mke wangu asikie. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mwambie aache," alisema. "Kama mtu anayeita kutoka ndani ya chupa."

Kumbukumbu ya chombo ni fupi. Kilishika kipande kimoja cha wimbi tu, kisha kinarudia kutoka mwanzo. Mahali mwisho unapokutana na mwanzo pana mshono, na mshono usipolainishwa unatoa mlio mdogo: tak. Kulainisha mshono kungekula sehemu ya juu ya wimbi, sehemu ile ile niliyoitaka. Kwa kipimo, mshono hauna madhara. Nikauacha.

Siku ya kupima nilipanga iwe baada ya alasiri, watu wakishatawanyika. Mwenyekiti alitoa ruhusa kwa sharti kwamba nisipige kelele ndefu wala kutamka kitu. Nilimjibu kwamba wimbi langu halina neno hata moja. Mjomba alinipa funguo, yeye akaenda Makurunge kumwona binti yake aliyejifungua, akasema atarudi kabla ya magharibi.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mvua ya masika ilinyesha, ikapumzika, ikanyesha tena, na mawingu yalitanda yakawa kama dari, jua halina upande. Nilikaa ndani ya msikiti na chombo changu nikisubiri. Simu za watu mtaani zilikuwa zimezimika moja baada ya nyingine. Umeme uliporudi, magharibi ilikuwa bado mbali, kiasi cha mtu kwenda sokoni na kurudi bila haraka, lakini kwa macho nje palikuwa na giza la kutosha kuwasha taa.

Nilipanda mnarani, nikafunga maikrofoni ya kupimia kwenye mti wa ufagio mbele ya spika ya honi inayotazama bahari, moja kati ya mbili zilizoko juu, nikashuka, nikaunganisha analaiza na amplifaya. Kwanza niliweka sauti ndogo. Miti mirefu, chini safi. Nikapandisha mpaka kipimo ambacho mjomba hutumia, na alama yake ilikuwa pale kwenye kitufe, mkwaruzo wa kalamu. Nikabonyeza.

Tak, ilisema spika, na wimbi likapanda. Kwenye kioo, katikati ya miti mirefu, magugu yaliota kila mahali. Nilisikia kwa masikio yangu pia: pale juu, kwenye mtikisiko, debe likaburutwa. Likarudi mwanzo. Tak. Likapanda tena, likapasuka tena pale pale. Tak. Sikumbuki kazi iliyonipa raha kama ile. Nililiacha lirudie ili nihifadhi picha, kisha nikazima.

Nilipozima niliona mtaa umekuwa kimya kuliko kawaida. Nilitoka hadi mlangoni. Kwenye baraza la mbele wanaume walikuwa wanatafuna. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake na kikombe cha uji mdomoni, anakunywa bila kupumua. Muuza kaimati alikuwa anakula bidhaa yake mwenyewe.

"Leo wamewahisha," alisema mmoja.

"Wamewahisha wapi? Giza hulioni?"

"Mbona amegonga akaanza, halafu haendelei?"

"Umeme huo, utakuwa umekatika tena."

"Taa inawaka, wewe! Macho yako nayo yamefunga?"

Kutoka nyumba ya tatu mtu alipiga kelele, "Jamani, simu yangu ina chaji! Bado! Temeni! Bado kabisa!"

Wengine walitema. Wengine walikuwa wameshameza. Mwanamke wa uji alikiangalia kikombe chake kitupu, akasema, "Mimi wa kutema nini sasa?" akaingia ndani.

Sikukimbia. Nilirudi ndani kuweka picha zangu vizuri, nikijua nani atakayefuata. Mwenyekiti aliingia akiwa amekunja shuka juu ya vifundo, na kipande cha tende kimekwama kwenye ndevu. Nyuma yake walikuja watu wa baraza karibu wote.

"Yuko wapi mjomba wako?"

"Karibu, mwenyekiti."

"Sikaribii! Mtaa mzima umevunja funga. Amegonga, tumetia mdomoni, halafu akaanza kwa sauti yake ile ile. Sasa hata wakati haujui! Nilikuwa namwonea huruma mzee wa watu. Leo basi. Leo nasema mbele ya hawa wote, basi."

Mtu mwenye elimu anajua wakati wa kuongea na wakati wa kuuliza. Niliuliza.

"Sauti yake ile ile ipi, mwenyekiti?"

"Hiyo ya debe bovu! Imepanda, imepasuka."

"Imepasuka wapi?"

"Pale pale juu anapoitikisa! Unataka nikuimbie?"

"Una hakika ni yeye? Isije ikawa mtu mwingine."

"Mwanangu, nimemsikia tangu nikiwa na nywele. Yeye."

Niliwageukia wa nyuma. "Na nyinyi mmesikia hivyo hivyo?"

"Tumesikia," walisema. "Imepasuka, ndiyo." Mmoja akaongeza, "Leo hata zaidi ya jana."

"Hakuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Walikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hutoa ushahidi wote alionao.

Wakati huo pikipiki ilisimama nje, imechafuka tope hadi taa. Mjomba alishuka taratibu, kanzu ameifunga kiunoni, mfuko wa mihogo mkononi. Alitusalimia wote, akaona nyuso.

"Kafa nani?"

Dereva wa bodaboda alitazama watu, akatazama sinia la kaimati lililokuwa barazani. "Mbona nyinyi mmeshafuturu? Mimi nimemtoa mzee Makurunge sasa hivi, tumesukuma pikipiki nusu ya njia. Huko bado watu wamefunga."

Mwenyekiti alimwangalia mjomba kutoka miguu yenye tope hadi kofia iliyolowa. Akaniangalia mimi. Akaiangalia analaiza, ambayo ilikuwa imekaa juu ya mkeka na kioo chake kinawaka. Nilibonyeza, nikiwa nimeshachomoa waya wa spika na kuweka kispika kidogo. Tak, na wimbi likapanda mle ndani, safi, likatikisika, halikupasuka. Nikasimamisha.

"Ndicho mlichosikia," nilisema. "Hapa ni safi. Huko juu mmesema wenyewe limepasuka. Mdomo haupo, koo halipo, mjomba alikuwa kwenye tope. Kilichobaki katikati ni spika ya upande wa bahari, ile maikrofoni yangu iliyokuwa ikiisikiliza."

Mjomba ndiye aliyesogea kwanza, akainama kwenye chombo.

"Huyo ni mimi?"

"Ni hesabu, mjomba. Imefuata mwendo wako."

"Hana pumzi," alisema. "Atakufa huyo."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajizuia. Mwenyekiti alipapasa ndevu, akakuta kile kipande cha tende, akakishika kwa vidole viwili asijue akipeleke wapi.

"Kwa hiyo mimi," alisema polepole, "mwalimu wa watu, nimefuturu kwa kugongewa na televisheni."

"Isiyoonyesha mpira," alisema mjomba.

Hapo watu walicheka kweli, hata waliotakiwa kulipa siku. Mwenyekiti hakucheka, lakini alikuwa mtu wa haki, na ninamwandikia hivyo. Aliwaambia waliokula wajizuie mpaka magharibi na waje kuilipa siku hiyo baada ya Ramadhani, yeye akiwa wa kwanza. Kisha akaniambia, "Chomoa hiyo ya baharini. Tusikie na iliyobaki." Halafu akamgeukia mjomba. Alimpokea mfuko wa mihogo, akaubeba mwenyewe mpaka pembeni, na mjomba akaenda kutawadha.

Baadaye niliifungua spika ile. Chumvi ilikuwa imeingia nyuma ya utando, imekuwa unga mgumu pamoja na kutu, na koili, ule msokoto wa waya unaosukuma utando, ilikuwa inaukwaruza kila inapotikiswa kwa upana. Nilibadilisha utando na koili, na kijana wa Dar alirudi kwenye madrasa yake kwa amani. Lakini siku hiyo hatukujua hilo kwa macho. Tulijua kwa magugu yangu na kwa masikio yao.

Wakati ulipofika, kwa saa ya simu ya yule wa nyumba ya tatu na kwa kalenda ya ukutani pamoja, mjomba alisimama mbele ya maikrofoni. Aliinua kidole cha shahada, kwa mazoea tu, ukucha ukakaribia. Mwenyekiti alikohoa. Mjomba alikiangalia kidole chake kama cha mtu mwingine, akakishusha, akaanza bila kugonga.

Nilisikiliza kama ninavyosikiliza pampu, nikisubiri mahali penyewe. Sauti ilipanda, ikasimama juu, ikatikisika kwa upana wake wote, ikashuka. Palikuwa safi. Nje kwenye baraza watu walikuwa wameshika tende, na hakuna aliyetia mdomoni. Walikuwa wanatazamana. Mwenyekiti alikuwa karibu yangu na tende yake kiganjani, ambayo kwa siku ile haikuwa futari ya kitu chochote. Alingoja mpaka neno la mwisho likaisha kabisa kwenye honi iliyobaki. Ndipo akala.